Uzito wa Risasi na Uzito wa Mzigo
W. D. M. Bell, mwindaji wa ndovu wa Karamoja, alitoa kitabu chake The Wanderings of an Elephant Hunter mwaka 1923. Sura ya bunduki naisifu. Baadhi ya wenzake walitumia risasi za gramu 48. Yeye alipendelea ya gramu 11 hivi, ngumu, isiyopasuka, akalenga ubongo. Risasi nzito iliyokosa mahali pake, asema, haifai kitu. Hesabu safi kabisa.

Lakini mimi nakisoma hapa Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914-1918. Sura ya wapagazi haimo. Aliua ndovu zaidi ya 1,000. Je, waliobeba pembe zile walitwishwa ratili ngapi kila mmoja?