Paa ya Paa: Jina la Kiswahili na Uhakiki wa Sanaa

Jumba la sanaa hupimwa kwa mambo mawili: kazi zinazoonyeshwa ndani yake, na mazungumzo yanayozuka mbele ya kazi hizo. Paa ya Paa, jumba lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake, lilifaulu sana katika jambo la kwanza. Katika la pili lilibakiza deni, na deni hilo si lake peke yake.

Jina lenyewe ni fumbo. Paa ni mnyama. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Kupaa ni kwenda juu. Waanzilishi walikusudia mnyama anayepaa. Mshika sarufi atauliza mbona halikuandikwa "paa apaa", kwani mnyama yumo katika ngeli ya A-WA. Swali hilo ni la haki, lakini halimalizi jambo. Likitamkwa kwa mfululizo, jina hili husikika kama sentensi kamili, "paa yapaa", kwa upatanisho wa I-ZI ambao wasemaji wengi wa bara huwatumilia wanyama. Kinachodhaniwa kuwa kosa kimempa mnyama mbawa, na msikilizaji kimempa kazi ya kufikiri.

Maana ya jina hilo hudhihirika zaidi likilinganishwa na biashara ya vinyago vya watalii, ambamo paa yule yule huchongwa mara mia bila ya badiliko. Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi wa Makerere, aliyekwisha kuchora katika kuta za kanisa kuu la Murang'a maisha ya Kristo katikati ya nchi na watu wa Kikuyu, alishikilia kwamba msanii hapaswi kuiga. Kwa hiyo picha, uchongaji, ushairi, ngoma na michezo ya kuigiza vilipokaribishwa chini ya paa moja, huo haukuwa mchanganyiko usio na mpango. Uzi ulioviunganisha ni kule kukataa kuiga.

Hata hivyo, uhakiki wa sanaa hizi nchini Kenya umeandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Kiswahili kimefanywa bawabu: hufungua mlango, kisha hubaki nje. Maonyesho ya wachoraji wa Afrika Mashariki, Njau akiwa mmoja wao, yalipofanyika München mwaka 2020 na London mwaka 2021, yaliitwa Mwili, Akili na Roho. Jina lilikuwa la Kiswahili kwa mara nyingine, lakini mjadala ulikuwa wa lugha nyingine.

Matokeo yake ni dhahiri. Mhakiki wa ushairi anayo istilahi tele: vina, mizani, kibwagizo, bahari. Mhakiki wa picha hulazimika kutumia neno moja, "rangi", kwa kile kilichomo koponi na kwa kile kinachoonekana na jicho. Na "kivuli" kwa kiza kilichomo ndani ya umbo na kwa kile kinachoangukia ardhini. Lakini upungufu huu si wa lugha. Mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar wana majina ya vipande vya kazi yao, kama vile mfaa na kizingiti, na wanayo pia maneno ya nakshi. Hazina ipo, kilichokosekana ni wahakiki wa kuichota.

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizohifadhiwa Paa ya Paa. Picha iliyoungua haina makao mengine ila katika maneno ya walioiona, na maneno yaliyoandikwa kwa lugha ya wachache huihifadhi kwa wachache tu. Jumba lilitimiza wajibu wake lilipompandisha paa. Wajibu wa kumsimulia, kwa lugha ile ile iliyompa jina, ungali mikononi mwa wahakiki wa Kiswahili.