Namna ya Kuitambua Kazi ya Mpimaji wa Divai

Juzi nilionyeshwa, hapa hapa Vigwaza, taarifa ya upimaji wa divai ya Dodoma iliyochapwa kwa karatasi nzuri na michoro ya rangi, ambayo chini yake imeandikwa kwamba risasi haikuonekana. Nao waliokuwapo wakaipokezana mikononi na kuisifu, wakidai kwamba huo ndio ustadi wa zama hizi. Nilikereka, wala sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa taarifa ile, pamoja na uzuri wake wote, haikuwa na hata mstari mmoja unaoeleza divai ilifanywa nini kabla ya kutiwa elektrodi, na kazi inayonyamaza juu ya jambo hilo haistahiki sifa hata kidogo.

Asiye mwenyeji wa kazi hii hukitazama kilele cha mchoro, akakipima urefu, akaridhika. Na aghalabu hata msimamizi wake hufanya vivyo hivyo. Lakini divai, na hasa divai nyekundu, imejaa tanini, rangi, protini na asidi ya tartariki, ambazo huishika shaba na risasi wala haziziachilii kwa urahisi. Fauka ya hayo, tanini hizo hizo hujibandika juu ya uso wa elektrodi zikauziba, hata kilele kikadidimia au kikahama mahali pake. Kwa hiyo mtu akiimimina divai mbichi chomboni, akarundika metali juu ya elektrodi dakika mbili, akazivua kwa kuibadili volti, akauona mstari umelala karibu na volti -0.4, mahali ambapo risasi hutarajiwa, hana haki ya kusema kwamba risasi haimo, maadamu hajui kama elektrodi yake ilikuwa ikiona.

Ustadhi mmoja aliyetufunza, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa vijana wa leo. Huichukua divai mbichi, akaitia risasi ya kiasi akijuacho, akaipima mbele yetu, kisha akatutaka tuseme ni kiasi gani kilichorudi. Nasi tukatahayari, kwa kuwa kilichorudi kilikuwa kidogo mno, na kilichosalia kimemezwa na divai. Ndipo huchukua sehemu nyingine ya divai ile ile, akaitia kiasi kile kile cha risasi pamoja na asidi ya nitriki iliyo safi na haidrojeni peroksaidi, akaiweka chini ya taa ya urujuanimno ili ivunjwe, akaketi kuingoja bila pupa, hata wekundu ukafifia, ukawa manjano hafifu, kisha kikabaki kioevu angavu kisicho na rangi. Na hapo alipoipima, risasi ikarudi takriban yote. Hakutoa tarakimu yoyote ya divai illa ameandika ubavuni mwake kiasi kilichotiwa na kiasi kilichorudi. Basi ukipewa taarifa, tafuta kwanza hesabu hiyo, isipokuwamo, irudishe. Wako wanaodai kwamba kwa divai nyeupe asidi ya haidrokloriki peke yake yatosha. Kwa risasi huenda ikatosha; kwa shaba siikubali.

Walaghai wa divai ni wa tangu kale. Katika miaka ya 1690, huko Ulm, Ujerumani, tabibu Eberhard Gockel aliwakuta watawa wakisokotwa na matumbo kwa divai iliyotiwa oksidi ya risasi ili ukali wake ugeuke utamu; naye, asiye na elektrodi wala volti, aliitafuta kanuni ya muuzaji, akaijaribu kwa divai mbovu kabisa, akaiona ikitengenea. Huyo namhesabu miongoni mwa mafundi wetu, kwa kuwa alikitia kwa mkono wake mwenyewe kile alichokituhumu. Walaghai wa sasa wamehamia kwenye mchoro: namjua mmoja aliyekuwa akiulainisha mstari kwa kompyuta, tena na tena, mpaka kijilima cha risasi kikatoweka, akasifiwa kwa usafi wa kazi.

Vyombo vilale katika asidi ya nitriki usiku kucha, na kipimo kitupu kifanywe siku ile ile kwa asidi ile ile. Dereva wa lori hapa mizani ya Vigwaza hakubali kutozwa faini kwa mizani isiyoanzia sufuri, sembuse mnywaji. Tena mtu akikuletea zinki na shaba kutoka mchoro mmoja wa elektrodi ya zebaki bila kutaja galiamu, ambayo hutiwa ili iishike shaba, usimwamini, kwani metali hizo mbili zikikutana ndani ya zebaki hushikamana, kilele cha zinki kikapungua na cha shaba kikazidi.

Enzi ambapo tone la zebaki ndilo lililokuwa elektrodi zilikuwa enzi za heshima. Tangu Jaroslav Heyrovský aanze kupima kwa tone hilo mjini Prague mwaka 1922, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1959, kila tone lililodondoka lilileta uso mpya usio na taka za sampuli iliyopita. Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 una haki ya kuibana. Na filamu ya bismuthi, iliyotangazwa mwaka 2000 ili ishike mahali pa zebaki, ni njema kwa risasi na kadimi. Lakini shaba huvuliwa karibu mno na bismuthi yenyewe, vilele vikagongana, na anayekupa tarakimu ya shaba kwa filamu hiyo hana budi kueleza alivyovitenganisha.

Na shaba haiepukiki, kwa kuwa wakulima wa mizabibu ulimwenguni hunyunyiza mrututu na chokaa kuzuia ukungu, na ingawa hamira huzama na sehemu kubwa ya shaba hiyo wakati wa kuchachuka, nyingine husalia. Mpaka wa Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Divai ni miligramu 1 ya shaba kwa lita, na wa risasi, kwa mavuno ya tangu mwaka 2019, ni miligramu 0.10. Tarakimu inayoikaribia mipaka hiyo ipimwe kwa sehemu tatu za divai zilizovunjwa mbalimbali, wala si kwa kuivua sehemu moja mara tatu, kwa maana kurudia namna hiyo hupima uthabiti wa elektrodi pekee, na kosa la kuvunja, likiwamo, litarudi lile lile mara zote tatu.