Tofali Lililoiva

Fundi wa matofali wa Kithyoko, upande wa Masinga, hulijua tofali kwa sikio. Huokota mawili akayagonganisha. Yakilia kama chuma, yameiva. Yakitoa mlio mzito wa gogo, huyatenga.

Mlio huo umetoka mbali. Udongo umekandwa kwa miguu, ukajazwa kwenye kalibu, ukakaushwa chini ya nyasi ili jua lisiupasue. Matofali yakapangwa kuwa tanuri lenye midomo ya kuni, nje likakandikwa tope. Moto wa kwanza huwa mdogo, kwa maana unyevu lazima utoke taratibu. Ukiharakishwa, mvuke hulipasua tofali. Fundi hukesha akiusoma moshi. Ukiwa mweupe mzito, anangoja. Ukikonda, anaongeza kuni.

Mwaka 1982 Alex Johnstone, mwanakemia wa Glasgow, alieleza kwamba kemia ina ngazi tatu: ya macho na mikono, ya atomu na molekuli, na ya alama. Mwanafunzi akitupiwa zote kwa mpigo, hupotea. Kwenye tanuri atazipanda moja moja.

Tofali bichi, hata likikauka kabisa, ukililoweka hurudi tope. Lililochomwa halirudi. Ndani ya udongo mna oksijeni na hidrojeni zilizoshikamana na alumini. Joto likikaribia nyuzi 500 za Selsiasi na kupita, vifungo hivyo hukatika, maji yakazaliwa na kutoka. Ubaoni mwalimu huandika:

Al₂Si₂O₅(OH)₄ → Al₂Si₂O₇ + 2H₂O

Wekundu nao una mstari wake, maana madini ya chuma yaliyokuwa ya hudhurungi hupoteza maji na kubadilika rangi:

2FeO(OH) → Fe₂O₃ + H₂O

Tofali likivunjika na kuonyesha moyo mweusi, fundi husema moto ulikosa hewa. Yuko sahihi: oksijeni haikufika ndani kuumaliza mkaa wa mizizi na majani yaliyokuwa kwenye udongo.

Na ule mlio? Kwenye joto kali zaidi chembe huanza kuyeyuka kingoni na kugandana, mtikisiko ukapita bila kukatizwa na nyufa. Sikio la fundi linapima kazi ya atomu.

Natamani kila mwanafunzi wa kemia aanzie hapo: agonge matofali mawili, asikilize, ndipo ashike chaki.