Hukumu ya Fukui na Swali la Utajiri wa Nchi

Hukumu za tribinali hazisomwi kwa furaha. Zimeandikwa na watu wa sheria kwa ajili ya watu wa sheria, naye mwananchi akitaka kujua ni neno gani limeamuliwa juu ya shamba lake, hana budi kupita kwanza msitu wa vifungu. Hukumu iliyotolewa tarehe 21 mwezi wa tano 2014 katika mji wa Fukui, Ujapani, si ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo tunaiweka mbele ya wasomaji wetu kama vile tungeweka kitabu: tuone inasema nini, inasema vema au vibaya, na ni wapi inanyamaza.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011 nchi ilitetemeka, bahari ikapanda, na kiwanda cha umeme wa atomi cha Fukushima Daiichi kikakosa nguvu ya kupoza matanuru yake. Matanuru matatu yakayeyuka. Watu zaidi ya 150,000 wakaacha nyumba zao. Baada ya hapo matanuru ya atomi ya Ujapani yakasimama moja baada ya jingine, hata mwezi wa tano 2012 halikubaki hata moja linalowaka. Mwezi wa sita mwaka ule ule serikali ikaruhusu mawili yawashwe tena, namba 3 na namba 4 ya kiwanda cha Oi, pwani ya mkoa wa Fukui. Ndipo watu 189 wakaishtaki kampuni ya Kansai Electric, wakiomba matanuru hayo yazuiwe. Mwamuzi mkuu wa kesi aliitwa Higuchi Hideaki. Akawapa haki.

Sifa ya kwanza ya hukumu hii ni kwamba inaanzia kwa mtu. Haianzii kwa mashine, wala kwa bei ya umeme. Inasema kwamba haki ya mtu juu ya uhai wake, mwili wake na maisha yake ndiyo inayopita haki nyingine zote katika sheria ya nchi, tena kwamba kampuni kufanya biashara ya umeme ni uhuru ulio chini ya haki ile. Kampuni ilikuwa imesema: bila atomi umeme utakuwa haba, tena ghali. Mwamuzi anajibu kwamba uhai wa watu wengi sana na bei ya umeme haviwekwi katika mzani mmoja. Kampuni ilisema pia kwamba atomi haitoi moshi wa kuchafua anga. Anajibu kwamba ajali ya Fukushima ni uchafuzi mkubwa kuliko wote nchi yake iliyopata kuuona, basi mtu asitumie neno la usafi kuitetea.

Sifa ya pili ni hesabu. Hapa Bwana Higuchi ametumia akili ya mkulima, nasi tumeipenda. Wataalamu wa kampuni walipima ardhi wakasema: mtikisiko wa mahali hapa hautazidi gal 700 (gal ni kipimo cha jinsi ardhi inavyorushwa). Tena kampuni yenyewe ilikiri kwamba mtikisiko ukizidi gal 1,260, kupoza tanuru hakutawezekana tena. Je, mwamuzi asiye na elimu ya miamba atafanya nini? Hakujitia kuwa mtaalamu. Aliuliza tu: makadirio ya namna hii yametimia mara ngapi? Akaona kwamba katika muda usiofika miaka 10 tangu 2005, viwanda vinne vya atomi vilipata mitikisiko iliyozidi makadirio, mara tano kwa jumla. Tena mwaka 2008, huko Iwate na Miyagi, kilipimwa kipimo cha gal 4,022. Mganga aliyekosea mara tano si lazima uwe mganga wewe mwenyewe ili kumtilia mashaka.

Lakini neno lililoifanya hukumu hii ijulikane ni lile la utajiri. Watu walisema kwamba nchi ikinunua mafuta na gesi badala ya kuwasha atomi, fedha za taifa zitatoka nje, na huko ndiko kupoteza utajiri wa nchi. Mwamuzi anakataa. Utajiri wa nchi, asema, ni ardhi njema na watu wanaoishi juu yake wamekita mizizi. Nchi isipoweza tena kurudisha hayo, ndipo imepoteza utajiri wake. Sisi wa Kongo tunasoma maneno haya kwa sikio letu wenyewe. Urani ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Siku zile utajiri wa Katanga ulihesabiwa kwa tani, na mwenyeji wa huko hakuitwa mbele ya tribinali yoyote kuulizwa kama ardhi yake nayo ni hesabu.

Hata hivyo hukumu ina mapungufu yake. Mwamuzi alichora duara la kilometri 250 kuzunguka Oi, kwa kufuata makadirio ya hatari kubwa kabisa yaliyofanywa mwaka 2011 juu ya Fukushima. Wenye kukaa ndani ya duara, watu 166, walishinda. Waliokaa nje yake, watu 23, walirudishwa mikono mitupu. Mstari lazima uwekwe mahali, tunakubali. Lakini mtu aliyetumia kurasa nyingi kuonyesha kwamba makadirio hayaaminiki, baadaye anapima haki ya watu kwa makadirio!

Tena, hukumu haiwasikii vya kutosha watu wa mji wa Oi wenyewe. Halmashauri ya mji ilikubali matanuru yawashwe, maana wengi wa huko hupata mkate wao kiwandani, katika nyumba za wageni na katika maduka. Huwezi kuwaambia kwamba ardhi ndiyo utajiri, ukanyamaza juu ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Neno hili si dogo: jirani akimwona jirani yake kuwa mwuza nchi, mji umepasuka kabla ya tetemeko. Kwa upande wa pili, mkoa wa Shiga, wenye ziwa Biwa ambalo watu milioni 14 hivi hupata maji yao humo, haukuwa na sauti katika ruhusa ile, kwa sababu tu kiwanda kiko ng'ambo ya mpaka. Watu wa Shiga walikwenda katika tribinali yao ya Otsu, na mwezi wa tatu 2016 wakapata amri juu ya kiwanda kingine cha Fukui, Takahama. Tanuru lililokuwa linawaka likazimwa. Mwaka mmoja baadaye tribinali kuu ya Osaka ikaifuta amri hiyo.

Ya Oi nayo ilifutwa, tarehe 4 mwezi wa saba 2018, na tribinali kuu ya Nagoya katika tawi lake la Kanazawa. Matanuru yote mawili yalikuwa yamekwisha kuwashwa tena mwaka huo. Waamuzi wa Kanazawa walisema kwamba hatari iliyobaki ni ndogo, tena kwamba kama taifa lataka kuacha atomi, hiyo ni kazi ya bunge na serikali, si ya waamuzi. Jibu hili lina adabu, wala si la kijinga. Ila washtaki hawakuomba atomi ikomeshwe katika Ujapani nzima. Waliomba matanuru mawili, yenye namba, yasiwashwe karibu nao. Kuwapeleka bungeni ni kujibu swali ambalo hawakuuliza.

Swali ambalo Fukui haikulichimba liliulizwa Mito mwezi wa tatu 2021: watu watakimbiaje? Tribinali ya huko ilizuia kiwanda cha Tokai Daini kwa sababu ndani ya kilometri 30 wanakaa watu 940,000 hivi, na mipango ya kuwahamisha haikutosha. Kampuni ilikata rufani. Sisi twaona hukumu ile ya Mito ina ufasaha haba kuliko ya Fukui, lakini mshiko wake ni imara zaidi, maana barabara huonekana kwa macho, na madaraja huhesabika.

Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024 rasi ya Noto ilitetemeka. Nyumba zilianguka, barabara zikakatika, vijiji vikabaki peke yao siku nyingi. Mji wa Suzu, ulio kwenye ncha ya rasi hiyo, uliumia sana. Hapo zamani kampuni tatu za umeme, Kansai Electric ikiwa mojawapo, zilitaka kujenga kiwanda cha atomi katika Suzu. Wakazi walipinga miaka mingi, na mwezi wa kumi na mbili 2003 kampuni zikaweka mpango huo kando.