Kalamu Nyekundu ya Kikima
Kikima, juu ya vilima vya Mbooni, asubuhi ni baridi na ukungu. Mwalimu wa Kiingereza amekwisha kufika, viatu vimejaa tope. Kikamba, lugha ya wanafunzi wake, hakina "r", wala hakitenganishi yeye wa kike na yeye wa kiume; basi kosa lilelile hulirekebisha mara mia, bila kumwaibisha mtoto. Walimu wa kujitolea kutoka Marekani, waliotumwa Kenya na Peace Corps tangu 1964, walikutana na kazi hiyohiyo katika shule za harambee, na wengi walirudi kwao baada ya miaka 2. Huyu amebaki. Jioni hubeba rundo la insha nyumbani, akasoma kila sentensi. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa mkono alioufunza yeye.