Kuni, Asali na Mbio za Jumamosi: Mpango wa Msitu Huandikwaje?

Kutoka Riruta Satellite, Nairobi, ukishuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, huko mbali tena na Msitu wa Ngong Road. Ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimesalia kama 1,200. Ulimegwa kidogo kidogo, kisha Southern Bypass ikapasua katikati. Humo huingia akina mama wa kuni, na pia wakimbiaji na waendesha baiskeli. Anayeingia kujiburudisha tu hupataje kauli katika mpango wa kuusimamia?

Kisheria mlango upo. Sheria ya Misitu ya 2016, iliyoirithi ile ya 2005, inakiruhusu chama cha jamii kilichosajiliwa kuomba kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Katika haki ambazo chama kinaweza kupewa, utalii na burudani vimetajwa pamoja na kuni, asali na malisho. Mrina asali na mkimbiaji, basi, wanasimama mstari mmoja. Tofauti ni kwamba mrina asali anajua atakachokosa. Mkimbiaji hushtuka siku anapokuta njia imezibwa.

Katika Msitu wa Karura, pia jijini Nairobi, walilitatua hilo kwa mpangilio. Friends of Karura, chama kilichoanzishwa 2009, kilianza na usalama kabla ya starehe, maana msitu ule ulikuwa wa kuogopwa. Uzio wa umeme ukazungushwa. Vijana wa Huruma (si ile ya Mathare, ni ile inayopakana na msitu) wakachukuliwa kuwa walinzi, na ada za langoni zikasaidia kugharimia kazi. Njia panda nazo zikapewa namba. Kibao chenye tarakimu juu ya nguzo kinaonekana kitu kidogo, lakini mimi nakihesabu kuwa kazi ya maana kuliko mikutano mingi. Aliyepotea hutaja namba, na anayeripoti mti ulioanguka hutaja namba. Njia ikishaingia kwenye ramani kwa namba yake, mpangaji hawezi kuifuta kimyakimya. Isiyo na namba hufutwa bila mtu kuulizwa.

Udhaifu wa mpango ule ulikuwa kwenye pesa. Agosti 2025 KFS ilipoagiza ada zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, mvutano uliishia mahakamani. Nani ashike mapato ya langoni ni kifungu cha kuandikwa kwa wino mzito tangu siku ya kwanza.

Yapo mengine ya kujifunza kwa wapandaji miamba wa Marekani. Devils Tower, mwamba mrefu jimboni Wyoming, ni mahali patakatifu kwa makabila ya wenyeji, na mwezi Juni ni wakati wa ibada zao. Mamlaka ya hifadhi za taifa iliwaketisha pamoja wawakilishi wa wenyeji na vyama vya wapandaji, ikiwemo Access Fund, kabla mpango haujakamilika. Mpango wa 1995 ukawaomba wapandaji wasipande mwezi wa Juni, kwa hiari yao. Boliti mpya za kupandia zilikatazwa, na sehemu za mwamba hufungwa kozi wanapotaga. Juni ya kwanza wapandaji walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kipengele kilicholazimisha, cha kuwanyima waongozaji wa kulipwa vibali mwezi huo, kilisimamishwa na mahakama mwaka 1996. Cha hiari kikadumu.

Nguvu ya wapandaji wale haikutokana na wingi wao. Walikuja mezani mapema, wakiujua mwamba ufa kwa ufa, na wakakubali kuacha kitu. Mjumbe anayekuja na madai matupu huandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, akasahaulika.

Ngong Road mambo ni magumu kuliko Karura. Msitu umegawanyika vipande, na mitaa inayouzunguka ina mama ambaye mzigo wa kuni ndio chakula cha jioni. Wakimbiaji wakienda kuomba njia bila yeye, wataonekana wamekuja kumfukuza, na kwa haki. Wajiunge naye katika chama kimoja, wakubaliane njia zipi na siku zipi, ndipo waende ofisi ya msitu.

Ewe wa Satellite unayekimbia huko Jumamosi, ulizia mpango wa sasa unakwisha mwaka gani, na ufike kabla rasimu ya mwingine haijaandikwa.