Mtoto Aliyesimama Majini

Azuruye Parque de la Memoria, Bustani ya Kumbukumbu iliyo kaskazini mwa jiji la Buenos Aires, huuona mto kwanza. Río de la Plata, yaani Mto wa Fedha, hauna rangi ya fedha hata kidogo: maji yake ni ya udongo, na ng'ambo haionekani. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa uzuri. Chini ya utawala wa kijeshi wa Argentina, 1976 hadi 1983, wengi waliokamatwa na kuteswa walidungwa dawa za usingizi, wakapakiwa ndegeni na kutupwa majini wangali hai. Msanii aunde nini ukingoni mwa maji yaliyofanywa kaburi?

Jibu la kwanza ni ukuta. Mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa 2007 si mnara kwa maana ya kupaa juu. Ni kuta nne zilizokatwa pembepembe kama jeraha katika mwinuko wa nyasi, na njia yake huishia mtoni. Zina vibao 30,000 vya mawe. Karibu 9,000 tu ndivyo vilivyochorwa majina, yakipangwa kwa mwaka na kwa alfabeti, umri ukifuata jina; mwanamke aliyekuwa mja mzito ametajwa kuwa hivyo. Vilivyosalia ni vitupu. Wapo watakaoiona hiyo kuwa hesabu isiyotimia. Kumbe ndiyo hekima ya kazi yote. Jina lisilojulikana limetengewa mahali pake, na likipatikana litachorwa. Msomaji hufuata majina kwa jicho, jicho likakosa la kusoma, na ukuta bado unaendelea.

Sanamu zilizotawanyika bustanini hazina zote subira hiyo. Ile ya Dennis Oppenheim, Monumento al escape, ya 2001, ni vijumba vitatu vyenye sura ya seli, vimeinamishwa na kuegemezwa ovyo ili mtu aone kwamba gereza limevunjika. Anaona mara moja, na hana sababu ya kurudi kuitazama.

Claudia Fontes alikwenda njia nyingine. Alimchagua Pablo Míguez, kijana wa miaka 14 aliyetekwa pamoja na mama yake mwaka 1977 na kutoweka, mtu wa rika lake mwenyewe. Akaiunda upya sura yake kwa chuma king'aacho, kwa uangalifu wa mtu anayetafuta ndugu. Kisha akaisimamisha ndani ya mto, mbali kidogo na ukingo, mgongo ukielekea nchi kavu. Uso uliogharimu kazi yote hiyo hauonekani na aliyesimama bustanini. Jua likipiga, chuma huchukua rangi ya maji na umbo hupotea machoni. Wingu likipita, hurudi. Hapo sanaa haipambi jinai wala haiihubiri. Inamfanya mtazamaji atafute, akose, atafute tena, kama wazazi walivyofanya kwa miaka.

Juu ya bustani hupita ndege za abiria zitokazo kiwanja cha Jorge Newbery kilicho jirani. Adolfo Scilingo, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alikitaja kiwanja hicho katika ungamo lake lililochapishwa 1995: hapo ndipo iliporuka ndege mojawapo iliyobeba waliokwenda kutupwa. Hakuna msanii aliyeipanga sauti hiyo. Kila ipitapo, wasomao ukutani hunyamaza, na baadhi yao hugeuka kumtazama yule mtoto.